Waya wa Manjano wa Bi Fundi

Nianze na upumbavu wangu, maana nikiuacha mpaka mwisho nitapata nafasi ya kuupamba. Mimi ndiye niliyeung'oa waya wa manjano ndani ya mashine ya Bi Fundi, nikautia lehemu mahali pengine, wakati mwenye mashine yuko chumba cha ndani anasali adhuhuri. Sikutumwa na mtu. Sikuwa hata na hasira naye. Wiki ile nilikuwa nimetoka skuli na somo moja jipya kichwani, na mtu mwenye somo moja tu ni hatari kuliko asiye na hata moja.

Habari ya waya nitairudia. Kwanza lazima umjue Bi Fundi, la sivyo utaniona nimeharibu chombo tu.

Jina lake lipo, lakini hapa Mjambere, mtaa wetu wa Kisauni, halina kazi. Mkubwa humwita Bi Fundi, mdogo humwita Bi Fundi, hata imamu akimtumia salamu husema Bi Fundi. Kazi yake ni kupeleka mashine ya sauti kwenye shughuli za wanawake. Siku ya kupamba, bi harusi anapokalishwa mbele ya wanawake wenzake amejaa hina na asumini, mwanamume haingii hata awe ndugu wa tumbo moja. Sasa maikrofoni ikikataa, nani ataingia kuitengeneza? Fundi mwanamume atasimama nje ya pazia apige kelele, "Hebu jaribuni kukaza ile ya kushoto!" na wanawake mia watauliza kushoto ipi. Bi Fundi yeye hukaa ndani, kando ya mashine yake, amevaa dera lake zuri, na bisibisi imechomekwa kwenye shungi la nywele.

Mashine zenyewe huziunda mwenyewe, kwa valvu. Siku hizi vijana wana mashine za transista, nyepesi, unabeba kwa mkono mmoja. Ya Bi Fundi hubebwa na mkokoteni. Valvu ni vichupa vya kioo, vinawaka ndani rangi ya kaa la moto, na ukiweka kiganja juu utakitoa mwenyewe bila kuambiwa. Alizipata kwenye redio kuukuu za marehemu wa watu, na kwa wauza vyuma chakavu wa Magongo, waliokuwa wakimuogopa. Akifika tu huchukua valvu, akaigonga kwa ukucha, akaisikiliza. "Hii inakohoa. Peleka kwa mamako." Muuzaji ana ndevu hadi kifuani, na anarudisha valvu kwenye kikapu kama mtoto.

Nyumbani alizihifadhi kwenye trei za mayai, zimepangwa chini ya kitanda. Nikiwa mdogo sana nilitumwa kununua mayai dukani, nikaona trei hizo mlangoni mwake, nikadhani nimefupisha safari.

"Shikamoo Bi Fundi. Mayai manne."

"Marahaba. Ya kuku gani?"

"Ya kuku yeyote."

Akanipa valvu moja iliyokufa, akaifunga kwenye gazeti vizuri kabisa. "Mwambie mamako asichemshe sana." Mama alipoifungua alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanichapa kwa kukawia. Tangu hapo nikajua yule bibi tunaelewana, na nikaanza kumlipa. Nimewahi kumtilia pilipili kwenye chokaa ya tambuu. Nimewahi kumfungia paka kwenye kasha la spika. Aliniita "ibilisi mdogo" mbele za watu, na "baba" tukiwa wawili.

Usidhani lakini kwamba ni bibi mpole mwenye hekima. Bi Fundi anajisifu kama jogoo. Anasema mashine yake ni kimya hivi kwamba ukiiwasha bila kusema kitu utamsikia mbu akipita mbele ya maikrofoni, na utajua ni dume au jike. Anasema transista haina roho. Kijana mmoja wa spika alimwambia kwa adabu, "Bi, lakini hizi zetu hazipati moto." Akamjibu, "Hata maiti hapati moto." Anaamini televisheni inaleta upara, na ukimwonyesha mtu mwenye upara asiye na televisheni atakuambia huyo anatazama kwa jirani.

Tena karata anaiba. Kila alasiri hucheza na majirani kibarazani, na karata ya saba ya kopa hukaa chini ya paja lake kuanzia mchezo unapoanza. Kila mtu anajua. Siku moja Mama alimuuliza, "Bi Fundi, huogopi Mungu?" Akasema, "Mungu namwogopa. Nyinyi ndio siwaogopi."

Nyimbo nazo hazipendi. Mwanamke amesikiliza harusi za Kisauni nzima na hawezi kuimba ubeti mmoja mpaka mwisho. Mwimbaji mmoja aliyejipenda sana alimfuata baada ya shughuli akitaka sifa: "Umeionaje sauti yangu leo?" Bi Fundi akafikiri. "Mashine imeivumilia."

Anachosikiliza yeye ni mngurumo, ile *nnn* ya chini inayokaa nyuma ya sauti. Kabla ya shughuli huiwasha mashine, akaweka ncha ya mwiko wa ugali juu ya bati lililobeba mashine na ncha ya pili sikioni, akafumba macho. Ukipita ukamsalimia haitiki. Na akiipima mashine ikiwa na umeme, mkono wa kushoto huuchomeka kiunoni, ndani ya fundo la leso, ukakaa humo mpaka amalize. "Mkono mmoja ukishikwa utalia," alisema. "Miwili ikishikwa, umeme utapita kifuani kwenda mkono wa pili, na kifuani kuna kitu nakitumia." Nilimuuliza nani alimfundisha. Siku hiyo alisema marehemu mumewe. Siku nyingine alisema fundi wa sinema. Mara ya tatu alisema, "Umeme wenyewe. Ni mwalimu mzuri, harudii somo."

Kwa hivyo mtu huyu, mwizi wa karata, muongo wa mbu dume na jike, kwenye jambo moja alikuwa hana mzaha hata chembe. Nalo ni kile alichokiita mwanya.

Ndani ya valvu, alinieleza, kuna uzi. Uzi ndio unaowaka. Umevishwa ala, kijimrija chembamba cha madini, na kazi ya uzi ni kuipasha moto ala tu. Uzi wenyewe hautakiwi kuigusa ala, lazima pabaki mwanya, kwa hivyo umepakwa unga mweupe uliokauka, mwembamba kama chokaa ya tambuu kwenye jani.

"Uzi na ala ni mtu na mkwewe," alisema. "Wakae nyumba moja, wapeane joto, lakini pazia lisiondoke."

"Na likiondoka?"

"Hapo hakuna nyumba."

Pazia hilo, ule unga, linavumilia umeme kiasi chake. Karatasi ya valvu zake ilisema volti tisini baina ya uzi na ala, si zaidi. Yeye alikuwa haruhusu kupita themanini. Nilimuuliza kwa nini anazitupa kumi bure. "Hizo kumi ni za mgeni," akasema. Mgeni wake ni umeme wa Kisauni, ambao jirani akizima friji unapanda bila kubisha hodi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipojikwaa. Ndani ya mashine yake kuna valvu moja ambayo ala yake inakaa juu, volti mia na sitini. Lazima ikae huko, ndiyo inayosukuma zile valvu kubwa zinazolisha spika. Nyingine ala zao ziko chini kabisa, karibu na sifuri. Na uzi wa zote unalishwa na waya mmoja. Ukiuacha uzi chini kwenye sifuri, zile za chini zitakuwa salama, lakini ile ya juu pazia lake litabeba mia na sitini. Litachanika. Kwa hivyo Bi Fundi aliupandisha uzi wenyewe. Aliufunga kwa waya wa manjano mahali penye volti themanini, katikati ya njia. Ya juu ikawa mbali na uzi kwa themanini, za chini zikawa mbali kwa themanini, kila mtu akavumilia. Uzi bado unapata zile volti sita zake za kuwaka, lakini zote sita zimepanda ghorofani pamoja.

"Mtu haumii kwa sababu yuko ghorofa ya kumi," ndivyo alivyosema. "Akianguka kutoka ya kumi hadi ya tisa, atateguka mguu. Akifika chini, tunaweka matanga. Mimi nimempandishia sakafu."

Haya yote aliniambia *baada* ya mimi kufanya nilichofanya. Kabla yake sikuwa nimeuliza.

Ilikuwa siku ya kupambwa Dada yangu. Mama alinituma adhuhuri nikaangalie kama mashine iko tayari, hamali wa mkokoteni aliyemkodi yuko njiani. Nikaikuta mezani imelazwa chali, tumbo wazi, chuma cha lehemu bado kina moto, na Bi Fundi ndani anasali. Nikainama kutazama. Kwenye kuta za tumbo hilo alikuwa ameandika hesabu zake kwa chaki, na mimi nikaona *sita* kwenye waya wa uzi. Halafu nikaona waya wa manjano unatoka kwenye uzi huohuo kwenda kwenye *themanini*.

Bi Fundi amekosea! Kitu cha volti sita amekitia themanini! Na mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametuambia wiki ile kwamba waya ukiutilia shaka, upeleke ardhini. Ardhi kwenye mashine ni lile bati lake. Nikauchomoa upande wa themanini, nikaulehemu kwenye bati. Nilijiona nimeokoa harusi. Tena niliona jinsi nitakavyomtania mwaka mzima: Bi Fundi, aliyekurekebishia mashine ni nani? Niliposikia anatoa salamu ya mwisho ya swala nikakaa kitako, nikatazama dari.

Akatoka, akafunika tumbo la mashine kwa skrubu zake, akaigeuza, akaiwasha, akachukua mwiko. Akasikiliza. Akakunja uso.

"Leo ina mafua," akasema.

Angefungua wakati ule ningepata makofi mawili na hadithi ingeishia hapo. Lakini mkokoteni ulikuwa umeshafika, hamali anapiga mluzi, na Bi Fundi akaamua ni umeme wa Kisauni tu.

Mimi shughuli sikuiona, nilikuwa nje nyuma ya ukuta na binamu zangu, tunasubiri sambusa zitakazobaki. Nilisikia tu. Mwanzo mambo mazuri: vigelegele, mwimbaji anamsifu Dada kwa sifa ambazo hajawahi kuwa nazo nyumbani. Kisha sauti ikaanza kuchacharika kama samaki anayewekwa kwenye mafuta. Ikanguruma. Halafu kimya. Binamu yangu akasema, "Stima imekwenda." Lakini taa zilikuwa zinawaka.

Yaliyotokea ndani alitusimulia Mama. Wanawake walipiga makofi wakaimba hivyohivyo, na Dada, aliyeambiwa asinyanyue macho hata nyumba ikiungua, alinyanyua. Na mwanamke mmoja wa upande wa bwana harusi, mwenye sauti isiyohitaji mashine, akasema, "Basi tena! Mashine imezeeka na mwenyewe kazeeka."

Bi Fundi alisimama. Mama anasema alitarajia kusikia tusi la kuandikwa kwa wino wa dhahabu. Bi Fundi alisema tu, "Valvu ni kama mja. Siku yake ikifika imefika." Akaketi.

Neno la yule mwanamke lilitembea Kisauni kuliko mkokoteni wowote. Harusi iliyofuata mtaani ilichukua vijana wa transista. Walimleta dada yao, wakamwonyesha kibonyezo kimoja, basi. Iliyofuata hiyo vilevile. Na Bi Fundi hakwenda kwa mtu kujitetea. Alikaa kibarazani akicheza karata, na akawa anafungwa. Siku niliyoona saba ya kopa imewekwa katikati na watu wengine, na yeye ana karata alizogawiwa tu, ndipo nilipoogopa kweli. Mashine ilikuwa imerudi ndani, imefunikwa leso, kwa sababu ya mkono wangu, na mimi ndiye niliyekuwa mtu pekee anayejua kwamba haijazeeka hata siku moja.

Nikaenda. Nilimkuta mezani, mashine chali tena, tumbo wazi.

"Shikamoo Bi Fundi."

"Marahaba. Ndoo hapa."

Akanishika sikio, si kwa nguvu, kama mtu anavyoshika kishikizo cha birika, akaniinamisha mpaka pua yangu ikawa inchi moja kutoka kwenye ule waya wa manjano.

"Lehemu yangu ikipoa hung'ara kama jicho la samaki mbichi. Hii ni mavi ya mbuzi. Ya nani?"

"Yangu."

"Najua ni yako. Nataka nikusikie."

Nikamweleza yote, pamoja na mwalimu wa fizikia na ardhi. Nilidhani atalipuka. Akauliza, "Huyo mwalimu alikwambia waya *ukiutilia shaka*?"

"Ndiyo."

"Amesema kweli. Kosa ni kuwa weye hukuwa na shaka."

Ndipo akanieleza habari ya mwanya, mkwe na ghorofa, kama nilivyokueleza. Akaichomoa valvu iliyokufa, akaniwekea kiganjani. Ndani kulikuwa na alama nyeusi, ndogo kama punje ya ufuta. Halafu akavuta trei chini ya kitanda, akatoa nyingine ya namna ileile. Niliitazama trei. Mashimo yaliyobaki ya namna ile yalikuwa matupu.

"Ndiyo ya mwisho?"

"Nimekuuliza umri wako mimi? Shika chuma."

Akanifanya nirudishe waya kwenye themanini mwenyewe, mkono wa kushoto umefungwa kiunoni kwa leso yake ya maua. Nilitia lehemu, akaikwangua. Nikatia tena, akaikwangua tena. Ilipong'ara kidogo akasema itamfaa kuku. Tukaiwasha. Akaweka mwiko sikioni, kisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akanipa mimi. Nikasikiliza. Hakukuwa na kitu. Wallahi hata mbu.

"Sasa nitakwenda niwaambie," nikasema. "Niwaambie ni mimi."

Akanigeukia haraka. "Uwaambie nani? Thubutu! Wakisema mashine imezeeka, wameisema mashine. Wakijua kwamba kitoto cha skuli kimeingia kikanichezea tumbo la mashine, nami nikasikia mafua kwa mwiko wangu mwenyewe nikayapuuza, watanisema *mimi*. Nitaambiwa sisikii. Fundi asiyesikia ni nani tena? Funga mdomo wako, baba."

"Lakini hawatakuita tena."

"Nimeshasema."

Akaifunika mashine kwa leso, nzima kabisa, imepona, haina pa kwenda.

Nilitembea mpaka nyumbani na nikajaribu kutii. Nilitii mpaka jikoni. Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na mimi nikasimama mlangoni nikamwambia yote kwa pumzi moja: waya, sita, themanini, bati, mafua, mavi ya mbuzi, valvu ya mwisho, na kwamba Bi Fundi amenikataza nisimwambie mtu yeyote kwa sababu ya jina lake. Mama hakuacha kukuna mpaka kifuu kikabaki cheupe pembeni tu. Akakiweka chini. Akakung'uta mikono.

"Amekukataza kwa sababu ya fahari yake," akasema. "Mimi fahari yangu ilikwisha siku niliyokuzaa. Ijumaa wanawake wote wanakuja hapa kwa maulidi, na hao wa bwana harusi wamo. Bi Fundi nitamleta mimi na mashine yake. Wewe utakaa nyuma ya pazia na maikrofoni, uyaseme hayo yote tangu mwanzo, polepole, na kwamba aliisikia ina mafua mimi nikamharakisha na mkokoteni wangu, hilo pia useme. Na mashine ikinguruma hata kidogo, utaanza upya."